Maigizo ya lishe kwa vijana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu, walezi wa vikundi, wahudumu wa afya na yeyote aliyewahi kuambiwa "hebu waandalie vijana kaigizo kuhusu lishe" akabaki anakuna kichwa. Majibu ni ya mtu aliyekaa sakafuni na vijana wa miaka 12 hadi 18 kwa muda mrefu, na mengine nimeyapata baada ya kukosea.

Kwa nini maigizo? Si nimwite tu mtaalamu wa lishe aje kuzungumza nao?

Mwite, ila kwa kazi nyingine. Muulize kijana wa miaka 14 chakula gani kinajenga mwili na kipi hakina maana. Atakutiririshia kama anasoma ubaoni. Makundi ya vyakula anayajua, kayafanyia na mtihani. Asichokuwa nacho ni la kufanya wakati wa mapumziko, marafiki wanne wako kwenye foleni ya soda, na yeye kashika chupa ya maji huku mmoja anamuuliza, "Umeanza kujidai?" Somo la lishe humfikisha mlangoni likageuka. Igizo linaingia naye ndani.

Halafu chakula ni habari ya nyumbani kwa mtu. Nani anapika, nani anapakuliwa kwanza, nani analala bila kushiba na hasemi, nani anachekwa akiongeza sahani. Kijana hawezi kunyoosha mkono darasani akasema, "Mimi nikila najichukia." Lakini anaweza kusema, "Nadhani huyu dada wa kwenye igizo anajichukia." Hilo neno "huyu" ndilo linalofanya kazi yote. Anajificha nyuma ya mhusika, anasema ya kwake, na hakuna wa kumfunua.

Igizo zuri la lishe linakuwaje?

Linaisha vibaya.

Mengi niliyoyaona yana mkondo mmoja: mtoto anakula ovyo, anaugua, daktari anaingia na koti jeupe, anahubiri dakika tano, mtoto anatubu, wote wanaimba. Watazamaji hupiga makofi kwa kuwa limekwisha. Cha kujadili hakuna, maana mwandishi keshajadili peke yake.

Liwe la dakika 7 hadi 10. Mhusika anataka jambo linaloeleweka, anajaribu kulipata, anashindwa, na igizo linakatika hapo hapo. Hili ndilo ninalolirudia mara nyingi: binti wa miaka 15 amekuwa akipata kizunguzungu. Muuguzi amempima, amemwambia damu imepungua, ale vyakula vyenye madini ya chuma. Anarudi nyumbani, ni saa ya chakula cha usiku. Mama anapakua. Nyama inaenda kwa baba, kisha kwa kaka "maana kesho ana mechi". Sahani ya binti inapata mchuzi.

Binti: Mama...
Mama: Eeh?
Binti: (kimya) Hamna.
Shangazi: Huyu hana shida. Wasichana hawali sana.

Kaka anatafuna. Binti anazungusha kijiko kwenye mchuzi. Mwisho.

Angalia kwamba hapo hakuna mtu mbaya. Mama anagawa kama alivyogawiwa, kaka hata hajui kinachoendelea. Ukimleta adui aliyevaa gunia lililoandikwa SUKARI, kila mtu anajua wa kumzomea na hakuna wa kumwelewa.

Likishaisha vibaya, inakuwaje?

Linaanza upya, safari hii kwa kasi kidogo. Mtazamaji anayeona binti angeweza kufanya vingine anapaza sauti, "Simama!" Waigizaji wanaganda. Anapanda, anachukua nafasi ya binti, anajaribu. Wengine hawamrahisishii: shangazi anabaki kuwa shangazi.

Mara moja kijana wa kwanza kupanda alianza, "Mama, kisayansi mwili wa msichana..." Aliyeigiza mama, msichana mdogo mwenye sauti nzito, hakusubiri amalize: "Hiyo sayansi ndiyo iliyonunua nyama?" Ukumbi ulivunjika mbavu, kijana akashuka. Wa pili alijaribu kulia, shangazi akamwambia aache deko. Wa tatu hakwenda mezani kabisa. Alimfuata kaka nje kabla ya chakula, wakaongea kama ndugu, na kaka akamega kipande chake. Wa nne akasema hiyo ni ya siku moja; yeye alirudi nyuma hadi zahanati, akamwomba muuguzi amwite mama aje asikie mwenyewe. Hapo wakabishana nusu saa: mama angekubali kuitwa? Angeona ameumbuliwa? Nani aongee naye kwanza? Hakuna mhadhara ambao ungewafikisha kwenye swali hilo.

Mbinu hii imetoka wapi?

Kwa Augusto Boal, mwanamaigizo wa Brazili (1931–2009). Aliikuza miaka ya 1970 akiwa uhamishoni, baada ya utawala wa kijeshi wa nchi yake kumkamata mwaka 1971. Alikuwa akifanya kazi kwenye kampeni ya kisomo nchini Peru. Alisimulia mwenyewe kisa cha mwanamke aliyetaka mhusika wa igizo "azungumze wazi" na mumewe aliyemdanganya. Waigizaji wakajaribu kuzungumza wazi, mama akasema sivyo. Wakajaribu tena, sivyo. Boal akachoka, akamwomba apande aonyeshe mwenyewe. Kumbe kuzungumza wazi, kwa mama yule, kulihitaji ufagio.

Kisa hiki nakitumia sana. Kijana akisema kutoka kwenye kiti, "Angemwambia tu mama yake," namjibu: panda utuonyeshe hiyo "tu".

Jokeri ni nani?

Ni msimamizi wa mjadala. Boal aliazima jina kwenye karata, ile inayokaa popote. Kazi yake ni kuwa katikati ya jukwaa na hadhira: kuuliza, kuchokoza, kumshukuru kila aliyejaribu, na kutotoa jibu. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa walimu, na nawaelewa. Meno yatakuwasha. Vumilia.

Maswali mawili yanatosha: "Je, hili linawezekana kweli nyumbani?" na "Lingemgharimu nini?"

Sijawahi kuigiza maishani. Kikao cha kwanza nianzie wapi?

Usianze na maneno, anza na picha tuli. Wagawe wanne wanne, wape dakika mbili watengeneze kwa miili yao picha ya watu wakila, mmoja wao hana raha. Hakuna kusema wala kucheka, japo watacheka. Kisha kila kundi ligande mbele ya wenzao. Waulize watazamaji: mnaona nini? Nani ana nguvu hapa? Nani angependa kuondoka? Unapita, unamgusa mmoja begani, naye anatoa sentensi moja ya moyoni mwa mhusika wake.

Kundi moja lilitengeneza watu watatu wameinama juu ya sahani moja, na wa nne kasimama hatua mbili nyuma, mikono mfukoni, anaangalia dari. Nilipomgusa akasema, "Nimeshakula." Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale aliwahi kuisema sentensi hiyo akiwa hajala, na tuliijadili hadi muda ukaisha. Mpango niliokuja nao haukutoka kwenye begi.

Kiti moto kinachezwaje?

(Wanaocheka kwa sababu ya jina hilo wamalize kwanza.) Mwigizaji anakaa mbele akiwa bado ndani ya uhusika, hadhira inamuuliza lolote. Anayefaa kuketishwa si binti mwenye kizunguzungu, maana wote tayari wako upande wake. Mketishe mama au shangazi. Aulizwe: wewe ulipokuwa na miaka 15 ulipakuliwa nini? Vijana wanaoigiza wakubwa hujibu kwa hekima ya kushangaza, na wanaouliza hurudi nyumbani wakiwa na adabu kidogo zaidi.

Lazima niwe mtaalamu wa lishe?

Hapana, ila uwe na mambo machache mfukoni, kwa sababu watapanda na uongo. Shirika la Afya Duniani huhesabu ujana kuanzia miaka 10 hadi 19, nao ni wakati mwili unakua kwa kasi ambayo haikuonekana tangu uchangani. Linashauri kuanzia miaka 10 mtu apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

Asilimia hazichezeki jukwaani, kwa hiyo zigeuze vijiko. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 na kitu. Kopo la soda la mililita 330 mara nyingi lina gramu 35 hivi, karibu vijiko 9. Mwigizaji achote vijiko 9 kimoja kimoja akivimimina kwenye glasi tupu, taratibu, bila neno. Ni kiinimacho cha kushtua mara moja tu, usikirudie.

Kuhusu damu, ambayo ndiyo moyo wa igizo letu: msichana aliyevunja ungo anahitaji chuma zaidi kwa sababu ya hedhi. Chuma hakimo kwenye nyama peke yake, kimo pia kwenye jamii ya kunde na mboga za majani, ila hicho cha mimea mwili hukifyonza kwa shida zaidi. Matunda yenye vitamini C husaidia yakiliwa pamoja na chakula hicho. Chai na kahawa zikinywewa na chakula huzuia.

Mtu akipendekeza jambo la hatari au la uongo mbele ya wote?

Usimkatize. Mwache amalize, igizo limjibu kwanza. Kijana mmoja alipanda akamnywesha binti chai ya rangi "iongeze damu", nami nikamrudisha muuguzi jukwaani akaulizwa kama ndivyo alivyosema. Aliyeigiza muuguzi hakujua, akageukia hadhira kuomba msaada, na msichana mmoja wa nyuma alikuwa na jibu sahihi. Asingekuwepo, ningelitoa mimi, kwa sentensi moja, kisha tukaendelea. Uongo usiondoke ukumbini bila kurekebishwa, lakini aliyeusema asiondoke kaaibika.

Kama ni jambo la hatari kweli, kama kushinda njaa siku nzima au kumeza vidonge vya kupunguza mwili, simamisha mchezo, sema wazi kwamba ni hatari, endelea na mengine.

Je, tuigize mtu mnene?

La.

Nitaeleza, maana hili niliwahi kuliharibu mwenyewe. Igizo langu la kwanza lilikuwa na mhusika mlafi, na tulimfungia mto tumboni. Shule nzima ilicheka kila alipotembea, nami nyuma ya pazia nilijiona bingwa. Kwenye mstari wa pili alikaa mvulana mmoja aliyekuwa ameweka begi lake mapajani tangu mwanzo. Kila kicheko kilipopanda alilivuta begi karibu zaidi na tumbo. Alilibana hivyo hadi mwisho, na wakati wa mjadala hakusema kitu. Sikulifunga tena lile tumbo la mto.

Umbo la mtu lisiwe kichekesho, adhabu wala fundisho. Zungumzia chakula, nguvu, usingizi, damu, meno, nani ana sauti mezani. Mizani ibaki nje ya ukumbi.

Na matatizo ya kula, kama anoreksia (kujinyima chakula kupita kiasi) na bulimia (kula sana kisha kujitapisha)?

Yaguswe kwa tahadhari kubwa. Mara nyingi huanza katika umri huu huu, na anoreksia ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Shida ya jukwaa ni kwamba linafundisha hata lisichokusudia: ukionyesha jinsi mhusika anavyojitapisha au ukitaja kilo alizopunguza, kuna mtu kwenye viti anachukua maelezo. Kwa hiyo hakuna namba, hakuna mbinu, na mgonjwa haonyeshwi kama shujaa wa huzuni. Igiza waliomzunguka. Rafiki anayegundua kwamba mwenzake kila siku ana sababu mpya ya kutokula ni mhusika mzuri kuliko mgonjwa mwenyewe, na swali lake, "nimwambie nani?", ndilo ambalo hadhira inahitaji kulifanyia mazoezi.

Kijana akinifuata baadaye akaniambia yanayomsibu?

Msikilize, usimwahidi siri. Mwambie tangu mwanzo: "Nikiona uko hatarini, itabidi nimshirikishe mtu wa kutusaidia, na nitakuambia ni nani." Jina la mtu huyo, awe muuguzi, mshauri au daktari, uwe nalo kabla ya onyesho la kwanza. Mwezeshaji wa maigizo si tabibu, hata kama wiki hiyo ameigiza tabibu.

Wengine kwao hakuna cha kuchagua. Si tunawaumiza?

Tunawaumiza tukitumia neno "chagua" kama kila mtu anashika pochi ya nyumbani. Kijana wa miaka 13 hanunui, mara nyingi hapiki, na wakati mwingine chakula chenyewe hakipo. Ndiyo maana igizo lichunguze kile kilicho ndani ya uwezo wake: kuomba, kugawana, kumwambia mtu mzima, kuunda kikundi cha kuidai shule maji safi ya kunywa. Ukiona mapendekezo yote yanahitaji pesa, jokeri aulize: "Na asiye nayo?" Kisha anyamaze.

Wavulana wangu hawataki, wanasema lishe ni mambo ya wasichana.

Wape igizo la mvulana anayeambiwa ana mikono kama vijiti, anayemeza unga wa misuli asioujua umetengenezwa na nini. Watanyoosha mikono.

Mwalimu naye aigize?

Aigize, ila asiigize mkubwa. Mwingereza Dorothy Heathcote (1926–2011) alijulikana kwa kuingia darasani kama mhusika, mara nyingi mhusika anayehitaji msaada wa wanafunzi. Akaunda pia utaratibu ambamo wanafunzi wanavikwa utaalamu: wao ndio ofisi, wao ndio wataalamu, kazi imeletwa kwao.

Kwa lishe nawapa meli. Mwaka 1747, kwenye meli ya kivita ya Uingereza, daktari James Lind aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C), akawagawa wawili wawili, kila jozi ikapewa tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote. Mimi naingia kama nahodha asiyeamini: "Miaka yote tumesafiri bila matunda yenu!" Wao ni wasaidizi wa daktari, wanishawishi. Wakishatokwa na jasho nawaambia kilichotokea: jeshi lile la majini lilianza kugawa maji ya malimau rasmi mwaka 1795. Kutoka jaribio hadi amri ni miaka 48. Hukaa kimya kidogo, kisha mmoja huuliza walikuwa wanasubiri nini, na hapo nina kipindi kingine kizima. Waliojua kitu cha kula walikuwepo, na watu wakaendelea kung'oka meno.

Vifaa na muda?

Viti viwili, meza, sahani tupu. Usilete chakula halisi: kitanukia, kitamwagika, na mwenye njaa hatafuatilia mchezo. Dakika 90 zinatosha, igizo dakika 10, mazoezi ya kuchangamsha 15, zilizobaki zote ni za hadhira. Zaidi ya watazamaji 60, wenye aibu hawapandi tena.

Wazazi waalikwe?

Onyesho la kwanza, hapana. La pili, ndiyo, kwa ruhusa ya vijana wenyewe. Shika kanuni ya Boal: anayebadilishwa ni mhusika aliyebanwa tu. Mzazi akitaka kupanda, achukue nafasi ya binti, siyo ya mama. Nimemwona baba mmoja akikaa kwenye kile kiti, akapewa mchuzi, akaambiwa na msichana wa miaka 13, "Wewe huna shida, kula." Alikaa akiiangalia ile sahani tupu muda mrefu kuliko igizo lilivyotaka.

Nitajuaje kama limefaa?

Makofi hayasemi kitu, na usimpime mtu uzito. Kabla ya igizo kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila jina, ushauri ambao angempa binti. Baada ya mjadala aandike tena. Mwanzoni utasoma "ale matunda, asile ovyo." Ukisoma baadaye "amwambie kaka kwanza, siku ambayo hakuna mechi," kuna kitu kimesogea. Warudie baada ya wiki mbili, waulize nani alijaribu lolote na alijibiwa nini. Waliojibiwa vibaya ndio watakaokupa igizo lijalo.

Kikao kinafungwaje?

Waigizaji wavuliwe uhusika kabla hawajatoka mlangoni, hasa aliyekuwa binti na aliyekuwa shangazi, maana shangazi huondoka kachukiwa. Wasimame kwenye duara, wajikung'ute mikono na miguu kama wenye vumbi, kila mmoja aseme jina lake halisi na jambo moja linalomtofautisha na mhusika wake. Yule msichana wa sauti nzito alisema jina lake, akafikiri kidogo, akasema, "Mimi kwetu ndiye ninayepata mchuzi." Nilimwomba abaki kidogo tuongee, nikamtafuta muuguzi.